Jina la Mzungu Chini ya Viti Vyako

Baba Zaituni,

Salaam zikufikie huko Kimbiji ulikolala, kama udongo wa kwenu unapitisha salaam. Mie mkeo mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa kubwa zile za darasa la ngumbaru ulizokuwa ukizicheka, maana haya mambo sitaki mtu aniandikie halafu ayalainishe. Nakugombeza kwanza. Habari njema iko mbele, ungoje, wewe huna pa kwenda.

Umeondoka mwaka wa pili huu. Eda nimekaa, nimetoka, nimevaa kanga zangu. Karakana ipo palepale Keko na Zaituni ndiye anaiendesha. Wale waliosema mwanamke hawezi useremala sasa wanakuja asubuhi kumwomba msasa. Sefu fundi wako bado yupo, kichwa kimejaa mvi na maneno hayajapungua. Bati la mbele lilitoboka, tumebadilisha. Na kinachotuweka mjini ni kilekile kiti chako cha mkwe.

Wewe unakijua, lakini nataka nikiseme, kwa sababu ndicho kilichotaka kutuua. Kile kiti cha mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi zikakunjwa, mgongo umelala nyuma, mito ya ngozi, na kigoda chake cha kuwekea miguu. Sefu ndiye aliyekiita kiti cha mkwe, kwa sababu anayekikalia haondoki mpaka afukuzwe. Kilikuja kwetu na yule Mzungu wa Oysterbay, chake kimevunjika mguu. Akataka ukitengeneze, na akataka kingine vilevile. Wewe ukakivua nguo kile kiti, ukakipima, ukamimina kalibu ya zege pale uani nilipokuwa naanikia mchele, ukaanza kukunja mbao kwa jeki la gari. Nililalamika. Nikasema uani si karakana. Ukasema, "Mama Zaituni, nyamaza, naumba."

Kilipokwisha ukanileta mie. Kila kiti chako cha kwanza lazima nikikalie mie na ungo wangu, nichambue mchele mpaka uishe. Nikinyanyuka bila kushika kiuno, kimepita. Hicho hakikupita. Nikakwambia kinanibana huku na huku, kwani Mzungu huyo anamtengenezea nani, njiti ya kiberiti? Ukacheka mpaka ukakohoa. Cha Mzungu ukampa kama alivyotaka, lakini vyote vya baadaye ukavipanua na ukapandisha kikalio juu kidogo ili mwanamke wa Temeke akae na ainuke. Hilo nakusifu. Nimekusifu, tuendelee.

Sasa sikia mambo uliyotuachia.

Mfungo ulikuwa unakaribia. Nimepeleka chakula karakana, wali maharage, gari likasimama. Akashuka binti kavaa suti, na mwanamume mmoja mwenye duka la fenicha Masaki. Binti akanipa shikamoo yangu kamili, kainama kidogo, nikampenda. Kumbe wakili. Yule mwenye duka hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mkwe kilichokuwa kinangoja vanishi ikauke, akakigeuza miguu juu kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua, akaweka kidole pale chini. "Hili jina mmepewa ruhusa na nani?"

Zaituni akauliza, "Jina gani?"

Na Sefu, Mungu amhifadhi na akili zake, akajibu kwa furaha: "Aa, hiyo chapa yetu, bosi. Tunaichoma wenyewe. Ngoja nikuletee chuma chake uone." Akakimbia ndani, akakileta! Baba Zaituni, mwizi gani anayekwenda kuwaletea watu ngazi aliyopandia? Hata yule mwenye duka aligeuza uso pembeni. Nadhani alitaka kucheka, ila alikuwa amekuja kwa hasira.

Kile chuma nakijua. Ndicho ulichokuwa ukikichoma kwenye jiko langu la mkaa, sufuria ya maharage unaisogeza pembeni bila hata kuniuliza. Maandishi yake yamegeuka nyuma mbele. Nilijaribu kuyasoma mara moja nikaona ni ya majini, nikaacha. Nilikuuliza ni ya nini. Ukasema, "Yapo chini ya kiti cha Mzungu. Mteja kataka vilevile. Nikipunguza kitu nimemwibia." Basi ukapeleka karatasi kwa fundi mihuri Kariakoo, akakufulia chuma, na tangu siku hiyo kila kiti cha mkwe kilichotoka Keko kikatoka na yale maandishi matakoni. Kupanua ulipanua, kwa sababu mie nilisema. Kufuta maandishi hukufuta, kwa sababu hakuna aliyesema. Nani angesema? Sote tulidhani ni urembo.

Wakili akavuta kigoda akakaa, akatueleza taratibu. Akasema, "Bibi, haya maandishi ni jina la kampuni ya ng'ambo. Ni mali yao, wamelisajili. Huwezi kulichoma kwenye kiti ulichotengeneza wewe. Na huyu bwana ndiye anayewauzia viti vyao hapa nchini." Kumbe mtu mmoja alinunua kiti kwetu, akakaa nacho, halafu akakiuza mtandaoni akisema ni cha kampuni yenyewe, na ushahidi wake ni ile chapa. Mama mmoja wa Masaki akakinunua kwa bei ambayo ungepata kiwanja hapo kwenu Kimbiji na chenji ya kuzungushia miti. Alipokipeleka dukani kubadilishiwa mto, mwenye duka akakitazama akasema hiki si chenyewe. Amejuaje? Akasema ni kipana mno.

Huo upana ni wangu, Baba Zaituni. Umenikamatisha na makalio yangu.

Usidhani nilicheka siku ile. Kabla ya kuondoka, yule mwenye duka alisema neno moja la mwisho. Alisema, "Hii ni karakana ya wizi." Alilisema mbele ya mafundi, mbele ya mama lishe, mbele ya Zaituni ambaye umemsomesha kwa viti hivyohivyo. Wakili akasema wakienda mahakamani tunaweza kufungiwa na vifaa vikachukuliwa. Zaituni akakaa chini kwenye maranda. Hakulia. Aliokota takataka moja moja kwenye sketi yake kama mtu asiye na kazi nyingine duniani.

Mie nilirudi nyumbani Tandika nimebeba hotpoti yangu haijaguswa. Kilichoniuma si karakana. Karakana ni mabati, yatapatikana. Kilichoniuma ni hiki: nimekula wizi? Wanangu niliwanyonyesha wizi? Futari zote zile, ubani, ada za shule, kitambaa cha sanda yako mwenyewe, vyote vya haramu? Nikisali, nikifika pahala pa kukuombea dua, ulimi unagota. Nasema Mola msamehe, halafu nakumbuka lile neno la mwenye duka, nakasirika, dua inakatika. Nilikuwa nakuombea huku nakugombeza. Hata malaika nadhani walishindwa kuandika. Mtu aliyekuwa akirudisha misumari iliyobaki kwa mteja, leo aitwe mwizi naye hayupo kujitetea? Na kama ni kweli? Hapo ndipo nilipokwama, Baba Zaituni, kwenye "kama ni kweli".

Wakili akatuita ofisini kwake. Zaituni akasema, "Mama, we baki, utagomba." Nikamwambia ndiyo maana nakwenda.

Ofisi iko ghorofani, ya baridi kama buchani. Mwenye duka yupo, Zaituni yupo, na Sefu tulimwambia asifungue mdomo hata akiulizwa jina la mama yake. Mie nikaanza. Nikamwambia yule bwana: "Mwanangu, wewe kiti chako kimoja ni mshahara wa mwalimu mwaka mzima. Unauza huko kwenu Masaki, sikukatazi. Sasa sie wa Temeke tukalie nini, ndoo? Mtu akitaka kupumzisha mgongo mpaka awe balozi?"

Akanijibu, na nitasema haki, alijibu vizuri. Akasema, "Bibi, mtu akibuni kitu naye ale jasho lake. Mumeo angechora kiti, mimi nikakinakili nikaandika langu, ungefurahi?"

Nikamkubalia. Unajua mie sikubali hovyo.

Ndipo wakili akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Akasema haya ni mambo mawili, msiyachanganye. Umbo la kiti ni moja, jina ni lingine. Umbo linalindwa na sheria kwa miaka yake, na miaka ya kiti hiki ilishapita zamani, hata aliyekibuni kafa siku nyingi. Kwa hiyo kukitengeneza kiti cha namna hii hapa kwetu si kosa, hilo hata mteja wake halidai. Jina ndilo halizeeki kama umbo, kampuni ipo na inalitumia. Kosa letu ni jina.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia, "Kwa hiyo kiti si cha wizi?"

Akasema, "Kiti si cha wizi, bibi. Maandishi ya chini ndiyo si yenu."

Zaituni akanitazama. Mie nilivuta pumzi, nakwambia, kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa kichwani. Halafu nikamwomba wakili maji ya kunywa, akadhani najisikia vibaya, akataka kuita daktari. Nikamwambia kaa mwanangu, hii ni afya inarudi.

Hapo Sefu akafungua mdomo. Alishindwa, maskini. Akaeleza jinsi wewe ulivyosema ukipunguza kitu kwenye mfano umemwibia mteja, na kwamba ile chapa aliichoma kwa uangalifu, asichome kombo, kwa heshima ya kazi. Mwenye duka akamgeukia. Akasema, "Yaani mliandika jina letu kwa uaminifu?" Sefu akasema, "Ndiyo, bosi. Mzee alikuwa mkali sana kwa hilo." Yule bwana akaweka mikono usoni, mabega yakatikisika. Safari hii alicheka wazi.

Wakaafikiana. Chuma tukitoe, Sefu akakikabidhi kama anayemzika mtoto. Tusiseme tena kwa mdomo wala kwa simu kwamba viti vyetu ni vya kampuni ile. Na Zaituni awatangazie wateja wa zamani walete viti, tufute yale maandishi bure, asije mwingine akadanganya mtu navyo. Aliyemdanganya yule mama wa Masaki, hiyo ni kesi yake na polisi, si yetu. Tena wakili akatuonya: vile viti vya juzi, ambavyo aliyevibuni bado yuko hai na miaka yake haijapita, tusiviguse bila ruhusa. Zaituni akatikisa kichwa kukubali. Na amekuwa mkweli. Juzi kaja kijana na picha kwenye simu, kiti kama yai lililopasuka, anataka sita. Zaituni kamrudisha. Sefu kanuna siku nzima, anasema tunafukuza riziki. Nikamwambia riziki ya kuletewa wakili aile yeye.

Basi tangazo likatoka. Mie nilidhani watu watakuja na magongo. Wamekuja na viti.

Ungeona, Baba Zaituni. Hapa ndipo nilipotaka uwepo, si kwa kugombezwa. Viti vyako vinarudi, kimoja nyuma ya kingine, vimepakiwa kwenye kigari cha kirikuu, kwenye bajaji, kimoja kimebebwa kichwani kutoka Chang'ombe. Mwenye baa wa Sinza alileta vinne vinanuka bia, mito ina matundu ya sigara. Nilimsema mpaka akavua kofia. Nikamwambia vilitoka hapa kama maharusi, wewe umevirudisha kama walevi. Zaituni akavishona upya. Lakini mbao, nimezipapasa mwenyewe zote, hakuna hata moja iliyoachia gundi. Hata moja. Nikawa nakaa kwenye kila kimoja kabla hakijaondoka, kazi yoyote hakuna, nakaa tu.

Na yule mwalimu mstaafu wa Segerea, unamkumbuka, aliyelipa kidogo kidogo na kila akija analeta ndizi? Kaja na kirikuu, kashuka kanuna. "Shikamoo Mama Zaituni. Nasikia mnataka kumfuta Mzee Athumani."

Nikamwambia, "Marahaba. Jina lile si lake, ni la Wazungu."

"Si lake? Mie miaka yote nawaonyesha wageni, nawaambia hilo ndilo jina la Mzee kwa Kizungu!"

Tulicheka mpaka Sefu akakaa chini. Na hakuwa peke yake, wengi waliamini hivyo. Huko ng'ambo kuna kampuni kubwa ya watu, na huku Temeke jina lake lote lilikuwa wewe. Wengine walikataa kabisa lifutwe, Zaituni ikabidi awaeleze polepole mpaka wakubali. Hata yule mama wa Masaki alikuja. Nilimwogopa. Zaituni alimwambia kwa adabu kama hakitaki kiti akiache. Akasema atabaki nacho, mgongo wake umeshakizoea, ila lile jina liondoke mbele ya macho yake. Sefu akalisugua kwa msasa pale pale, naye kasimama anatazama unga unavyodondoka. Akauliza aliyekitengeneza ni nani. Nikasema, "Mume wangu." Nilisema kwa sauti, karakana nzima isikie. Si uliniona?

Sasa hapo tukagombana, mie na mwanao. Pale pa chapa pamebaki peupe, kama alama ya saa mkononi. Zaituni akaja na wazo lake, macho yamejaa machozi: tuchonge chuma kingine, kiandikwe jina lako, kila kiti kitoke na Athumani wa Keko. Akadhani nitamkumbatia.

Nikakataa. Usikasirike, nisikilize. Nikamwambia, baba yako kiti alichokitengeneza mwenyewe kinajulikana, hakihitaji kuandikwa. Lakini hicho unachokitengeneza wewe leo, kikivunjika kesho mtu akaanguka akateguka nyonga, aende kumuuliza nani? Aende Kimbiji agonge kaburi? Jina linaandikwa ili mtu aje aulize. Tumetoka kwenye balaa la kuandika jina la mtu asiyekitengeneza, unataka kuturudisha humohumo kwa jina la baba yako? Andika lako. Uogope. Ukiogopa ndipo utakapobana gundi vizuri.

Alinuna siku mbili, damu yako hiyo. Ya tatu akapeleka karatasi kwa fundi mihuri. Kaandika "Zaituni Athumani, Keko." Lako limo, nyuma ya lake, kama inavyopaswa. Cha kwanza alichokichoma kilikwenda kombo, nikamwambia ni kombo, akasema, "Kombo ni langu, Mama." Nikakikalia hivyohivyo. Sasa anachora na kiti chake mwenyewe, miguu mitatu, kibaya kama nini. Nimemwambia ni kibaya, anakirudia tu. Siku kikikubali kukaliwa nitakuletea habari.

Basi, mzee wangu, nimemaliza kugombeza. Uzito umenitoka. Nakula, nalala, na wajukuu wanasema nimeanza tena kuwafokea, kwa hiyo nimepona. Chakula ulichotulisha kilikuwa cha mikono yako na hakuna mtu atakayeniambia vingine. Wewe maswali yako umeshaulizwa huko, na natumaini hilo la chapa ulijibu vizuri kuliko Sefu.

Ahadi yangu ni hii: masika yakikatika nitakuja Kimbiji na barabara yake mbovu, nipalilie pale kichwani pako, na dua nitaisoma yote mpaka mwisho bila kugota. Na viti nitaendelea kuvikalia mpaka nishindwe kuinuka.

Lala, Baba Zaituni. Mguu wa kiti ukilegea, watamuuliza mwanao. Wewe hakuna tena anayekudai jibu.

Mkeo,
Mama Zaituni